Jiwe, Mkaa na Jembe

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za vitu viwili ambavyo kila mtu wa shamba avijua, navyo ni jembe na mkaa. Vitu hivi ni vya namna mbalimbali kabisa. Jembe ni chuma: likigongwa hulia, likisuguliwa hung'aa, likitiwa motoni na kupigwa nyundo hukubali umbo alitakalo mhunzi. Mkaa hauna hata moja katika sifa hizo. Ukigongwa huvunjika, ukisuguliwa huchafua mkono, ukitiwa motoni huisha ukabaki majivu. Mwanafunzi akiambiwa avipange vitu hivi katika mafungu mawili, hatasita. Chuma atakiweka katika fungu la metali, pamoja na shaba, fedha, dhahabu, risasi, bati na zebaki. Mkaa atauweka katika fungu la visivyo metali, pamoja na kiberiti, fosforasi na hewa ya oksijeni ile tuivutayo kila tupumuapo.

Mpango huo ni wa kweli, na mwanafunzi aujue vizuri. Lakini akiishia hapo atakuwa amejua nusu tu ya habari. Maana jembe lisingalipatikana kama si mkaa. Wala hapakuwa na mhunzi katika dunia, wa Afrika wala wa Ulaya wala wa Bara Hindi, aliyeweza kupata chuma katika jiwe bila ya msaada wa kitu kisicho metali. Mafungu haya mawili hayakai mbalimbali kama watu wa vijiji viwili wasiojuana. Huoana, huachana, hunyang'anyana. Historia ya chuma ni historia ya mapatano yao na ugomvi wao, na wazee wetu waliijua kwa mikono yao karne nyingi kabla haijaandikwa katika vitabu.

Kwanza na tutazame namna metali inavyokaa ardhini. Metali nyingi hazipatikani zikiwa peke yake. Chuma kikikaa mahali penye maji na hewa huungana na oksijeni, nacho hugeuka kuwa kitu chekundu au cha hudhurungi, kisichong'aa wala kulia. Kitu hicho twakiona kila siku juu ya jembe lililosahauliwa mvuani, nasi twakiita kutu. Mawe mengi ya mtapo, yaani mawe yenye chuma ndani yake, yana asili inayofanana na kutu hiyo, yaani ni chuma kilichoshikwa na oksijeni. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba jembe lipatapo kutu, linarudi polepole katika hali ya jiwe ambamo lilitolewa. Na yule mzee apakaye jembe lake mafuta kabla ya kuliweka darini, huwa anaizuia hewa na maji yasipate njia ya kukirudisha chuma utumwani.

Metali zote hazishikwi na oksijeni kwa nguvu moja. Dhahabu haishikwi nayo kabisa, ndiyo sababu huokotwa mchangani ikiwa inang'aa, na pete ya dhahabu ya bibi hurithiwa na mjukuu bila ya kuingia kutu. Shaba hushikwa, lakini si kwa nguvu sana, na moto wa makaa huifungua upesi. Chuma hushikwa kwa nguvu zaidi. Hiyo ni sababu moja iliyowafanya watu wa Misri na wa nchi za mashariki yake kutumia dhahabu na shaba kwa muda wa miaka elfu nyingi kabla ya kujua kutoa chuma katika mawe. Hata chuma chao cha kwanza hakikutoka ardhini. Mfalme Tutankhamun wa Misri, aliyezikwa yapata mwaka 1323 kabla ya Kristo, aliwekewa kaburini jambia lenye bapa la chuma. Wataalamu walipolichunguza na kutangaza matokeo mwaka 2016, waliona lina metali ya nikeli kwa kiasi kipatikanacho katika vimondo, yaani mawe yaangukayo kutoka angani. Chuma cha vimondo huja kikiwa huru, hakikushikwa na oksijeni. Kwa hiyo kilihitaji nyundo tu, hakikuhitaji maarifa ya tanuri.

Basi, ni nani atakayekifungua chuma kilichomo katika jiwe? Moto peke yake hauwezi. Ukilichoma jiwe la mtapo juu ya moto wa kuni uliotapakaa uwanjani, utalipasha joto tu, nalo likipoa litakuwa jiwe vilevile. Pahitajiwa kitu kiipendacho oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda, nacho ni kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mkaa. Makaa yakiwaka mahali pembamba pasipo na hewa ya kutosha, hutoa hewa moja isiyo rangi wala harufu, yenye kaboni na oksijeni nusu kwa nusu, nayo ina njaa ya oksijeni zaidi. Hewa hiyo hupenya katika jiwe lililopata moto, huinyang'anya oksijeni yake, kisha hutoka juu ya tanuri ikiwa imeshiba. Kinachobaki nyuma ni chuma.

Hapa inafaa tuseme neno la hadhari kwa wasomaji wetu wote. Hewa hiyohiyo yenye njaa ndiyo iuayo watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Ikiingia mapafuni hushika damu mahali palepale ambapo oksijeni hushika, na mwili hukosa pumzi bila ya mtu kuhisi lolote ila kichwa kuuma na usingizi mzito. Jiko likae nje. Lililo jema kwa tanuri ni sumu kwa mwenye nyumba.

Sasa na twende Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Tanzania. Karibu na Kemondo wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mashimo ya tanuri za chuma, na umri wake ukakadiriwa kuwa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Mwaka 1976 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, aliwakuta huko wazee waliowahi kuyeyusha chuma katika ujana wao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miaka mingi, kwa kuwa majembe ya meli yalikuwa rahisi kuliko majembe ya tanuri. Wazee wakaombwa wajenge tanuri tena. Mwanzoni kazi haikuwatii. Hapakuwa na kitabu cha kutazama. Kilichokuwapo ni kumbukumbu za mikono iliyozeeka, na kila mmoja alikumbuka sehemu yake. Wakajaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena, hata chuma kikatoka.

Na tuitazame kazi yao hatua kwa hatua, tukilinganisha na ile elimu tuliyokwisha ieleza. Walichimba shimo, wakachoma ndani yake matete na majani ya bwawani mpaka shimo likajaa masizi na makaa mepesi. Juu yake walijenga tanuri mfano wa pia, kimo chake kinamfikia mtu kifuani au zaidi, kwa udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Udongo wa kichuguu huvumilia moto bila ya kupasuka upesi. Waliingiza kwa chini mabomba ya udongo uliochomwa, na nyuma ya kila bomba akakaa mtu na mivukuto ya ngozi. Mtapo ulikaangwa kwanza juu ya moto wa kuni, ili unyevu utoke na mawe yapasuke vipande vidogo, maana hewa hupenya kipande kidogo upesi kuliko bonge kubwa. Ndipo walipomimina ndani ya tanuri makaa na mtapo kwa zamu, huku mivukuto ikivuma bila ya kupumzika kwa saa nyingi.

Ndani ya tanuri hilo kulikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile tuliyoieleza, kaboni kuinyang'anya chuma oksijeni yake. Ya pili ni kuondoa mchanga. Mtapo haukosi mchanga, na mchanga ni silikoni, kitu kisicho metali, kilichoungana na oksijeni. Mchanga huo hushikana na sehemu ya mtapo usiofunguliwa, ukayeyuka kama asali nzito, ukatiririka chini. Ukipoa huwa ni yale mabonge meusi yenye mapovu yaitwayo mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakikuyeyuka kama maji, kwa maana chuma safi hakiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,538 za sentigredi. Kilikusanyika chini kama sifongo, bonge lenye matundu matundu. Bonge hilo lilitolewa kwa koleo, likapelekwa kwa mhunzi, naye akalipiga likiwa jekundu hata taka zote zikaruka na chuma kikashikamana.

Wazee wa Buhaya hawakupata chuma laini tu. Mabonge yao yalikuwa na sehemu za chuma cha pua, yaani feleji. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari hizo katika gazeti la wataalamu liitwalo Science. Walidai kwamba mabomba marefu yaliyoingia ndani ya tanuri yaliipasha hewa joto kabla ya kuufikia moto, na ndiyo sababu ya joto kuwa kali mno. Wataalamu wengine waliibishia hoja hiyo ya hewa kupashwa joto, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Lakini kwamba tanuri za Afrika zilitoa feleji, hilo halina ubishi.

Wala mtu asidhani kwamba ufundi ulikuwa mmoja kila mahali. Huko Ufipa, upande wa Ziwa Tanganyika, mafundi walijenga tanuri refu liitwalo ilungu, lenye kimo cha karibu meta 3, kupita kimo cha mtu. Tanuri hilo halikuvukutwa. Lilikuwa na matundu mengi kwa chini, na urefu wake peke yake ulivuta hewa, kama moshi uvutwavyo na dohani ndefu. Liliwaka siku kadhaa, na chuma chake kilikuwa bado kimechanganyika na taka, kwa hiyo kiliyeyushwa mara ya pili katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hilo ndilo lililovukutwa kwa mivukuto. Tanuri jipya lilifananishwa na bibi arusi, likapambwa na kuimbiwa, na wenye kazi walishika miiko mpaka chuma kizaliwe. Nako Upare ya kaskazini, katika nchi ya Ugweno, chuma kilitolewa katika mchanga mweusi mzito ulioletwa na maji ya vijito, na zana za huko ziliuzwa kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Wafua chuma wa Ugweno walikuwa wa ukoo wa Washana. Masimulizi ya wazee, ambayo mwanahistoria Isaria Kimambo aliyakusanya na kuyatolea kitabu mwaka 1969, yasema kwamba Washana hao ndio waliokuwa watawala wa Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Si ajabu. Nchi isiyo na jembe haina chakula, na nchi isiyo na mkuki haina mlinzi. Hata katika Unyamwezi jembe lilikuwa mali ya kulipia mahari.

Hatusemi kwamba mafundi hao walijua kila jambo. Walijua mtapo upi ni mwema, mti upi una makaa makali, na rangi ipi ya moto yaonyesha kwamba kazi imekwiva. Lakini hawakujua kwamba kuna oksijeni. Wala Ulaya haikujua mpaka juzijuzi, na ni haki tuseme jinsi ilivyojua.

Katika karne ya 18 wenye elimu wa Ulaya walifundisha kwamba metali ni mchanganyiko. Walidai kwamba ndani ya kila kitu kiwakacho mna kitu kiitwacho flojistoni, na ya kwamba mkaa umejaa flojistoni tele. Mtapo ukichomwa pamoja na mkaa hupewa flojistoni, ukawa metali. Metali ikiingia kutu hupoteza flojistoni yake. Maneno hayo yalipendeza, lakini yalikuwa na kasoro moja: metali ikichomwa hata ikageuka unga, unga ule huwa mzito kuliko metali ilivyokuwa. Kitu kipotezacho sehemu yake kitaongezekaje uzito?

Tarehe 1 Agosti 1774, Joseph Priestley wa Uingereza alichoma unga mwekundu wa zebaki kwa kioo cha kukusanyia miali ya jua. Akapata zebaki inayong'aa, na hewa ambayo ndani yake mshumaa uliwaka kwa nguvu ya ajabu. Yeye mwenyewe aliendelea kuamini flojistoni. Ni Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliyefahamu maana ya jambo hilo, kwa kuwa aliutegemea mzani kuliko maneno. Alichoma metali ndani ya vyombo vilivyofungwa, akapima kabla na baada, akaona kwamba uzito ulioongezeka katika metali ndio uliopungua katika hewa. Basi metali si mchanganyiko, bali ni kitu cha asili kisichogawanyika kwa moto, na kutu ndiyo mchanganyiko. Mwaka 1789 alitoa kitabu chenye orodha ya vitu 33 alivyovihesabu kuwa vya asili, na katika hivyo 17 ni metali, navyo akavitenga na visivyo metali. Ndipo ulipoanza mpango ule ambao watoto wa shule hujifunza hata leo. Mwenyewe hakuishi kuona matunda yake, maana alikatwa kichwa Paris mwaka 1794, siku za mapinduzi ya Ufaransa.

Lavoisier aliona pia kwamba viungo vya oksijeni havifanani. Kitu kisicho metali kikiungana na oksijeni, mara nyingi hutoa asidi, yaani ukali. Moshi wa kiberiti ukiingia majini huyafanya maji kuwa makali. Metali ikiungana na oksijeni, mara nyingi hutoa kinyume cha asidi. Chokaa tupakayo ukutani hutoka katika metali iitwayo kalisi, na mwashi ajua jinsi inavyounguza ngozi kwa namna yake mbali na ukali wa ndimu. Vitu hivi viwili, asidi na kinyume chake, vikikutana hushikana na kuvunjana nguvu. Wasomaji na walikumbuke jambo hili, maana punde kidogo litawafaa.

Yalibaki maswali ya feleji. Kwa nini chuma hiki ni laini na kile ni kigumu, na vyote ni chuma? Mwaka 1786 wataalamu watatu wa Ufaransa, Vandermonde, Berthollet na Monge, walieleza kwamba tofauti ni kaboni. Chuma kisicho na kaboni ni laini, hupindika. Chuma chenye kaboni kidogo sana, yaani chini ya sehemu 2 katika 100, ni feleji, kigumu na chenye makali. Kaboni ikizidi hapo, huwa chuma cha kalibu, kiyeyukacho upesi lakini kivunjikacho kama chungu kikianguka. Kaboni ileile iliyokiokoa chuma katika jiwe, ikikaa ndani yake kwa kiasi hukipa nguvu, na ikizidi humwangusha. Yale matete yaliyochomwa shimoni Buhaya yalikuwa yakigawa kaboni hiyo kwa chuma.

Visivyo metali vingine havina wema huo. Kiberiti kikiingia chumani, chuma hupasuka kikipigwa kingali cha moto. Fosforasi ikiingia, hupasuka kikiwa baridi. Makaa ya miti yana kiberiti kidogo mno, na kwa sababu hiyo mafundi wa kale hawakusumbuliwa nacho. Lakini Uingereza ilipoanza kuishiwa na miti ya makaa, ilibidi watumie makaa ya mawe, nayo yana kiberiti. Mwaka 1709 Abraham Darby, huko Coalbrookdale, alifaulu kuyeyusha mtapo kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa kwanza ili uchafu wake utoke.

Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kupuliza hewa katika chuma kilichoyeyuka, ili oksijeni iunguze kaboni iliyozidi, na kwa dakika chache akapata feleji kwa wingi usiopata kuonekana. Wenye viwanda wakanunua ruhusa ya njia hiyo, lakini wengi chuma chao kilivunjika. Sababu ilikuwa fosforasi, ambayo Bessemer katika majaribio yake alitumia chuma kisichokuwa nayo nyingi. Tatizo hilo lilikaa zaidi ya miaka 20. Aliyelitatua hakuwa tajiri wala bwana wa kiwanda. Alikuwa Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama London, aliyesoma kemia jioni baada ya kazi. Alifikiri hivi: fosforasi si metali, basi ikiungua hutoa asidi, asidi hushikwa na kinyume chake, kwa hiyo tanuri litandikwe kwa mawe ya jamii ya chokaa, na chokaa itiwe ndani. Akashirikiana na binamu yake Percy Gilchrist, mwenye kazi ya kemia katika kiwanda cha chuma, na mwaka 1878 akatangaza kwamba wamefaulu. Taka za tanuri hilo, zenye fosforasi ndani yake, zilisagwa zikauzwa kwa wakulima kuwa mbolea. Kilichokuwa sumu kwa chuma kikawa chakula cha mimea. Thomas alikufa mwaka 1885, umri wake miaka 34.

Iko metali moja ambayo mkaa ulishindwa kuifungua kwa njia ya tanuri la kawaida, nayo ni alumini. Kila udongo wa mfinyanzi una alumini ndani yake. Mama aliyefinyanga chungu zamani alikuwa ameishika metali ile ile ambayo leo hufanywa sufuria, lakini oksijeni imeikamata kwa nguvu mno. Mpaka mwaka 1886 alumini ilikuwa ghali. Ndipo Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mtu kwa upande wake, walipoifungua kwa nguvu za umeme. Basi msomaji ataona kwamba mfuatano wa historia umefuata nguvu za kifungo: dhahabu isiyofungwa, shaba iliyofungwa kidogo, chuma kilichohitaji tanuri la ufundi, na alumini iliyongoja umeme.

Katika mfuatano huo wazee wetu walisimama mahali pagumu pa chuma, wakapavuka kwa udongo, ngozi na makaa. Lakini tuseme wazi lililotokea. Lavoisier alipokatwa kichwa, kitabu chake kilibaki. Thomas alipokufa kijana, njia yake ilikuwa imekwisha andikwa. Fundi wa tanuri alipokufa, alizikwa pamoja na nusu ya elimu yake, na majembe ya dukani yalipowafanya vijana wasiutamani tena ufundi, nusu iliyobaki ikawa inangoja kuzikwa vilevile. Ya Buhaya iliokolewa kwa sababu mwaka 1976 walikuwako bado wazee wachache, na mtu wa kuwauliza. Kama angalichelewa miaka 20, tungalibaki na mabonge meusi yasiyosema neno.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji, na hasa wanafunzi, mambo mawili. La kwanza, mkiona mashambani mavi ya chuma, au vipande vya mabomba ya udongo vyenye mdomo ulioungua kama kioo, msivitawanye wala kuvijengea msingi kabla ya kumwarifu mwalimu au ofisi ya mambo ya kale. Mahali vilipolala na jinsi vilivyolala ni maandishi, na maandishi yakichanganywa hayasomeki tena. La pili, mzee yeyote ajuaye kazi ya mikono, ikiwa ni ya chuma, ya chumvi, ya chungu au ya ngozi, muulizeni angali hai, na majibu yake yaandikeni kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na miiko na nyimbo, hata zile ambazo hamzifahamu. Huenda ndani ya neno msilolifahamu mna sababu ambayo kemia itakuja kuieleza baadaye, kama ilivyoyaeleza matete ya shimoni.

Na mwalimu afundishaye somo la metali na visivyo metali asianze na orodha ubaoni. Aanze na jembe lenye kutu mkono mmoja, na kipande cha mkaa mkono wa pili, awaulize watoto: katika viwili hivi, ni kipi kilichomzaa mwenzake?